Wiki ya Tatu ya Selina

Mimi nauza utumbo. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna mtu atasoma mbele kidogo kisha aseme, huyu aliyeishia darasa la tatu kule Masasi ameyajulia wapi mambo ya ndani ya tumbo la mtu. Nimeyajulia mezani. Mwaka wa kumi na moja sasa nafuata matumbo ya ng'ombe na mbuzi machinjioni alfajiri, nayasukuma kwa toroli mpaka Kariakoo, nayaosha na kuyauza nje ya soko, upande wa Mtaa wa Mkunguni. Nje, si ndani. Soko jipya lilipofunguliwa, vizimba vya ndani viliisha kabla foleni haijafika kwangu, na mpaka leo sijui foleni ile ilikuwa inaanzia wapi.

Kuosha utumbo kuna namna yake. Unashika ncha moja, unaingiza maji kwa kopo, unausukuma uchafu kwa vidole mpaka utokee upande wa pili. Halafu unaupindua kwa kijiti, ndani iwe nje, unakwangua ute kwa mgongo wa kisu, unapaka chumvi na limau. Utumbo wa mnyama mzima unavumilia yote hayo. Lakini ukikutana na wa mnyama mgonjwa, wenye madoa mekundu ndani, kidole kinaujua kabla ya jicho. Ukiingiza maji unavimba, kisha unatatuka pale penye doa, maji yanakurukia usoni. Huo siuzi. Nawatupia paka.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku nilipomkorogea mke wangu haluli.

Mke wangu aliitwa Scholastika. Alikufa mwezi wa nne, mvua zinanyesha, na kila aliyeniuliza amekufa na nini nilimpa jibu moja: maji. Wala si uongo. Kwenye kona ya nyumba tunayopanga, upande wa Ilala, ng'ambo ya Barabara ya Msimbazi, bomba la mtaa linapita chini ya mtaro wa maji machafu, na kiungo chake kimelegea. Maji yakiwepo, yanavuja nje. Maji yakikatika, na yanakatika kila siku, bomba linabaki tupu na linavuta, na kinachovutwa ni kile kilichomo mtaroni. Asubuhi yakirudi tunakinga ndoo, tunakunywa.

Nilikwenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Zahoro, mara tatu. Mara ya kwanza akaniambia nilete maelezo kwa maandishi. Mimi kuandika barua nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, lakini niliandika. Mara ya pili akasema barua imepanda juu. Mara ya tatu akaniuliza kadi yangu ya chama iko wapi. Basi barua ikapanda, bomba likabaki chini linavuja. Redioni wakawa wanatuhimiza tuchemshe maji. Mkaa hakuna, mafuta ya taa ni foleni ya tangu alfajiri, sasa tuyachemshe kwa pumzi?

Kwa hiyo maji. Nilisema hivyo msibani, nikasema hivyo kwa Bi Sabaha mwenye nyumba, nikasema hivyo kwa binti yetu Selina. Mtu mmoja tu alijua kilichobaki, naye ni Eliakimu.

Eliakimu ni mganga msaidizi katika hospitali kubwa, Mpare mwembamba anayependa utumbo wa mbuzi. Yeye ndiye aliyempokea Scholastika siku ile, tumbo limeshakuwa gumu kama ubao wa mlango. Wiki mbili baada ya maziko alikuja mezani kwangu kama kawaida, nikamwuliza, homa inamuuaje mtu kwa tumbo. Hakunijibu kwa maneno ya hospitali. Alichukua kipande kwenye karai langu, akakipindua mwenyewe, akanisogezea.

Akanionyesha vile vinyweleo vya ndani, laini kama taulo, akasema hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula, kwa mtu kama kwa mbuzi. Akasema tumbo halitulii, linasukuma usiku na mchana, na kijidudu kisichopata pa kushika kinatoka na choo. Lakini vijidudu vya homa ya matumbo vinajua kushika. Vina nyuzi za kujinatia, nyembamba hata jicho halizioni, vinagandamana na ukuta wa utumbo kama zile mbegu za porini zinavyoganda kwenye suruali. Tena vinachagua mahali. Kuna mabaka ndani ya utumbo, mengine makubwa kama kucha ya dole gumba, na hayo mabaka ni kambi ya walinzi wa mwili. Vijidudu vinaingilia papo hapo, kwenye lango la kambi, vinakaa ndani ya askari wenyewe na kuzaliana humo. Kisha vinamwagika kwenye damu, homa inapanda. Mabaka yanavimba, yanakufa, yanabanduka kama kigaga cha kidonda.

"Pale kigaga kilipotoka," alisema, akiinua kile kipande juani mpaka nikaona kidole chake upande wa pili, "ukuta unabaki kama ngozi ya kitunguu. Hiyo ni wiki ya tatu. Homa inashuka, mgonjwa anaomba chakula, ndugu wanashukuru Mungu. Na hapo ndipo utumbo wake ni mwembamba kuliko siku zote."

Nikamwuliza, na akipewa haluli siku hizo?

Eliakimu akaacha kugeuza. Haluli mnaijua, ile chumvi ya kuharisha. Pwani hii mtu akiumwa kichwa, haluli. Akiota ndoto mbaya, haluli. Tumbo lisafishwe kwanza, mengine baadaye.

"Haluli inayaita maji ndani ya utumbo, mengi, halafu inasukuma," alisema. "Ni hivi hivi unavyoosha wewe. Ulimpa?"

Nikasema nilimpa. Kikombe kizima, siku ya kumi na saba. Akafunga utumbo wake kwenye gazeti, akaenda zake. Hajamwambia mtu.

Sasa Bi Sabaha. Mama huyu ni Mzaramo wa palepale, kazaliwa katika nyumba hiyohiyo, na amewapokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa mtaa ule walipokuwa wanazaliwa. Alinipangisha chumba nilipokuja sina hata mkeka. Ananiita mla panya, kwa utani wa sisi watu wa kusini, nami namwambia nyumba yake haina panya kwa sababu yangu. Siku ile niliyokoroga haluli alikuwa uani, aliona. Na siku ya arobaini ya msiba alinikalisha, akaniambia kwa huruma kwamba kosa langu lilikuwa moja tu, nilichelewa. Haluli ingetangulia, uchafu wote ungetoka, Scholastika angekuwa hai.

Ningemwambia nini? Kwamba si kuchelewa, ni kile kikombe chenyewe? Ilikuwa rahisi zaidi kuzungumza habari za bomba. Mama wa watu akabaki na imani yake, na imani ile nilimwachia mimi.

*

Mwaka wa pili yake kipindupindu kikaingia mjini. Na katikati ya hofu ile, Selina akaanza homa. Ana miaka kumi na minne, ndiye peke yake niliyebaki naye. Wiki ya kwanza zahanati walimpa vidonge vya malaria. Homa ikapanda kama ngazi, kila jioni kipande kimoja juu. Wiki ya pili nikampeleka hospitali kubwa, Eliakimu akamtazama ulimi, akambonyeza tumbo, akaniambia ni ileile ya mama yake. Walimlaza siku nane, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Halafu kipindupindu kikajaza wodi. Wakasema anayeweza kumezea dawa nyumbani arudi nyumbani.

Eliakimu alinipa kapsuli ndani ya karatasi, akanipa na masharti. Uji mwepesi. Alale, asichuchumae kwa nguvu, asibebe ndoo. Asipewe chochote cha kusukuma tumbo. Na kila siku nimpapase. "Likiwa laini, shukuru. Likikaza ukaona halikubali mkono, usingoje kitu, mlete." Kisha akaniuliza kama huko nyumbani wanajua. Nikasema nitawaambia.

Sikuwaambia. Nilimwambia Bi Sabaha apewe uji tu, daktari kasema. Akaniuliza kwa nini, nikasema ndivyo walivyosema. Kumweleza sababu kungenifikisha kwenye kikombe cha Scholastika, na kila nilipofungua mdomo nilijikuta nazungumzia mtaro.

Homa ikashuka. Siku ya kumi na nane Selina akaniomba samaki. Mwingine angefurahi. Mimi jasho lilinitoka mgongoni. Nikapapasa tumbo, laini. Lakini alikuwa hajaenda choo kikubwa siku nne, na Bi Sabaha alikuwa anazihesabu siku hizo kuliko mimi.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, mjumbe Zahoro akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Mkubwa mmoja wa serikali anakuja kukagua usafi wa mji kwa sababu ya kipindupindu. Kila nyumba itoe mtu mzima wa kusimama barabarani kumpokea. Jana yake vijana walikuwa wamepaka chokaa mawe yote yanayozunguka bomba letu. Bomba wakaliacha linavuja katikati ya mawe meupe. Nilimwambia Zahoro nina mgonjwa.

"Mgonjwa yuko na Bi Sabaha," alisema. "Ndugu Pantaleo, wewe ndiye unayelalamika usafi kila siku. Mkubwa anakuja kwa ajili ya usafi, wewe unajificha chumbani. Niandike hivyo?"

Nilikwenda. Nakiri nilikwenda, kwa sababu jina langu lilikuwa limeshaandikwa sana.

Walitupanga upande wa pili wa Msimbazi, upande wa sokoni, maana ndio mkubwa angeutazama akiwa garini. Kamba ilifungwa pande zote mbili, mgambo kila hatua kumi, wamenyoosha sare zao. Barabara katikati tupu kabisa, hata baiskeli hakuna. Nilisimama karibu na Ramadhan, anayeuza ubani, mdalasini na dawa za kienyeji karibu na nyumba yetu. Ramadhan ni mtu wa maneno mengi. Akanieleza kuhusu sukari, kuhusu mguu wake, na kwamba leo amefunga duka mapema wala hakuuza kitu asubuhi yote, isipokuwa haluli kidogo ya Bi Sabaha.

Nikamwuliza ya nini.

"Ya binti yako. Mama kasema safari hii hachelewi."

Nilimwona Bi Sabaha kama nimesimama uani, anakoroga kwa kijiko cha mti, anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, anangoja chembe zitulie. Ana subira, huwa anaiacha ipoe. Nikawaza labda bado haijapoa.

Nilimfuata Zahoro nikamwambia natoka. Akasema gari zinangojwa wakati wowote, hakuna anayevuka. Nikamwambia mtoto wangu anakufa. Akasema ulisema ni mgonjwa, sasa anakufa, kesho utasema nini. Akageuka akarekebisha bendera ya karatasi mkononi mwa bibi mmoja.

Nikapita chini ya kamba. Sijafika mbali mgambo mmoja akanikamata ukosi, kijana wa miraba minne, viatu vyake unajitazama uso. Nikaona hapa nguvu hazinifai. Nikashika tumbo, nikajikunja.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "naharisha tangu alfajiri, maji matupu. Ukinishikilia hapa nakuchafua."

Mwaka ule neno hilo lilikuwa na nguvu kuliko bunduki. Aliniachia kama amegusa jiko. Waliokuwa nyuma yake wakarudi, kamba ikalegea, mmoja akaniambia niende, niende upesi, na nisiguse kitu. Nikakimbia barabara ile tupu mbele ya mtaa mzima, watu wakinicheka. Nyuma nikasikia Zahoro ananiita kwa jina langu na la baba yangu.

*

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kijiko cha mti kilikuwa juu ya ukingo wa dirisha, kimelowa. Nilipoingia chumbani Selina alikuwa amekaa, amewekewa mto mgongoni, na Bi Sabaha amemshika kisogo kwa mkono mmoja, kikombe cha bati kwa mkono wa pili. Kilikuwa mdomoni.

Nilikipiga. Kikaenda kugonga ukuta, maji yakammwagikia Bi Sabaha kwenye kanga. Katika miaka yote ile sikuwahi kumnyanyulia mama yule hata sauti. Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu, kana kwamba ndio uliomkosea, si mimi.

Nilimwuliza Selina amekunywa kiasi gani. Akasema mafunda mawili, au matatu, ni chungu.

"Baba Selina," akasema Bi Sabaha polepole, "umenipiga mimi."

Nikamwambia sikumpiga yeye. Akasema yeye ni mama mtu mzima, amelea wangapi, amezika wangapi, na kama mimi nimechoka kuishi naye niseme kwa mdomo. Akasema alimwona Scholastika akienda hivihivi, siku zinahesabiwa, watu wanangoja daktari, na dawa inapatikana hatua ishirini kutoka mlangoni. Hawezi kukaa aone tena. "Safari ile ulichelewa wewe. Sasa na mimi nichelewe?"

Nilimlaza Selina chali. Nikaweka kiganja kwenye tumbo lake, chini ya kitovu upande wa kulia, pale aliponionyesha Eliakimu. Lilikuwa bado laini. Na nikiwa nimepiga magoti vile, mkono uko pale, nimempa Bi Sabaha mgongo, nikasema.

"Sikuchelewa, Bi Sabaha. Nilimuua nayo."

Nikaendelea, maana nikinyamaza nisingeanza tena. Nikamwambia kwamba utumbo wa Scholastika ulikuwa umeliwa mpaka umekuwa kama ngozi ya kitunguu, na ile haluli iliujaza maji ikausukuma, ukatoboka, uchafu ukamwagikia tumboni. Daktari aliniambia. Nilijua tangu wiki ya pili ya msiba. Ulipokuwa unanituliza siku ya arobaini, mama, nilikuwa najua.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikanunua."

Hapo sikuwa na bomba la kumwonyesha, wala mtaro, wala mjumbe. Nikasema nilimwacha.

Bi Sabaha akakaa chini kwenye sakafu, kwenye yale maji ya haluli, kama mtu aliyeondolewa kiti. Selina alikuwa anatazama dari. Nilimsahau. Naapa wakati ule nilisahau kwamba tumbo nililolishika lina masikio.

Halafu nikasikia kwenye kiganja. Kitu kinapita chini ya ngozi, kinanguruma, kinasogea. Selina akauma meno. Kikatulia. Kikaja tena, kirefu zaidi, akakunja magoti. Sikujua kama ni haluli inapita njia yake au ni kile kingine kinaanza. Kwa Scholastika ilianza vilevile, ngurumo, halafu kelele moja, halafu ubao.

Aliyeinuka kwanza ni Bi Sabaha. Alijifunga kanga kiunoni, akasema toroli lako litamtikisa, tunambeba na kitanda. Kilikuwa kitanda chetu cha kamba. Mimi mbele, yeye nyuma, akaita majirani wawili waliokuwa wamemkwepa mjumbe wakajificha chooni, wakatoka na aibu zao wakashika pembe zilizobaki. Tukatoka na Selina juu, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Waliotuona wakasimama, wengine wakavua kofia. Waliona kitanda kinachobebwa na watu wanne, wakadhani wanayoyadhani. Selina akaniambia kwa sauti ndogo nimfunue zaidi uso ili wajue yuko hai.

Hospitali iko ng'ambo ya Msimbazi. Tulipofika kwenye kamba, Zahoro alikuwa upande wetu, ameshavuka kunitafuta, daftari kwapani. Mbali kule chini, kutoka upande wa Posta, pikipiki ya mbele ilishaonekana, na vigelegele vilikuwa vinakuja nayo vikipokezana. Akasema turudi. Akasema gari nne zinapita, dakika kumi tu, baada ya hapo twende tunakotaka. Nikamwambia dakika kumi anazo yeye. Tumbo lilinguruma tena, Selina akashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe.

Bi Sabaha hakupandisha sauti.

"Zahoro, mimi ndiye niliyekupokea. Ulitoka umekabwa na kitovu chako, rangi ya bluu. Mama yako aliniuliza yu hai, nikamwambia ngoja. Sikumwambia dakika kumi. Nyanyua kamba."

Mjumbe aliitazama ile pikipiki. Akamtazama mama. Sijui alikuwa anawaza nini, na sitaki kumpa sifa asiyostahili, maana barua yangu ilikuwa bado iko juu ilikopanda. Lakini alinyanyua kamba. Tulivuka na kitanda barabara nzima, polepole, kwa sababu kukimbia ni kumtikisa, na pikipiki ikasimama, na gari zikasimama nyuma yake. Kioo cha gari ya pili kilikuwa kimefungwa. Nilimwona mtu ndani akijifuta uso kwa kitambaa. Hakushusha kioo.

Eliakimu alimpapasa muda mrefu. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza pengine, akaweka sikio. Mimi na Bi Sabaha tulisimama ukutani. Kanga yake ilikuwa imekauka, imebaki na ukungu mweupe wa chumvi.

"Laini," akasema. "Haujatoboka. Mafunda matatu, mshukuru yalikuwa matatu." Akampa nafasi chini, kwenye godoro kati ya vitanda viwili, na safari hii hakumtoa mpaka siku ya kumi na mbili. Siku tano za kwanza Bi Sabaha alilala sakafuni kando yake. Hakunisemesha. Siku ya sita akaniambia nilete uji mwepesi zaidi, huu wa mla panya unaweza kuzibia ukuta. Nikajua nitaendelea kuwa na pa kuishi.

*

Fundi wa maji alikuja baada ya wiki tatu. Alifunga kiungo cha bomba kwa mpira wa baiskeli, akatuachia mtaro kama ulivyo. Mpira ule ulishikilia mpaka mvua. Sasa bomba linavuja kama zamani, na yale mawe yameanza kubanduka chokaa. Nimeandika barua ya pili. Sijabadili neno hata moja katika yale niliyowahi kusema juu ya watu wanaokaa na karatasi za wenzao. Vijidudu vile havikutoka mbinguni kuja kushika utumbo wa mke wangu. Vililetwa na bomba, na bomba lina wenyewe.

Ila sasa nikieleza habari za Scholastika naeleza na kikombe. Nimemweleza Ramadhan pia, na akija mtu kununua haluli anamwuliza kwanza mgonjwa ana homa ya siku ngapi. Wengine wanamtukana, wanakwenda duka la pili.

Selina amepona. Amerudi shule, anakula ugali kama mbeba mizigo. Jioni moja, wiki ile aliyotoka hospitali, alikuwa amekaa kizingitini, aliniuliza bila kunitazama.

"Mama alikunywa mafunda mangapi?"

Ningeweza kumwambia habari za maji.

"Alikunywa yote," nikasema. "Alikataa, nikambembeleza. Kikombe kizima."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Hatujalizungumza tena. Shikamoo ananipa kila asubuhi, chakula ananipakulia, nguo zangu za kazini zenye harufu anafua bila kununa. Lakini maji ya kunywa hayapokei mkononi mwangu. Nikimpa, mkono wake hauji. Basi nimejifunza. Nayachemsha, nayapooza, namimina kwenye kikombe, naweka juu ya meza, natoka uani. Nikikaa huko kidogo, ndipo nasikia anakunywa.